Pango, Misa ya Usiku na Mapambo: Jinsi Noeli Ilivyofika Hadi Kambini



Kamati ya Jamii imeomba kila dhehebu litoe makala moja kwa ajili ya jarida hili la kumbukumbu. Sisi wa upande wa Kanisa Katoliki tumeona tuandike juu ya Noeli, kwa sababu kila ufikapo mwezi wa Novemba mabishano yale yale huanza upya. Wako wanaosema kwamba bila sanamu za kununua na taa za kumulika hiyo siyo Noeli. Wako wanaosema kwamba mkimbizi hana sikukuu. Wako wanaouliza kama Misa ya mkesha, inayosomwa jua likiwa bado juu kwa sababu ya taratibu za usalama wa usiku, ni Misa kamili au ni ya kuzibia pengo. Tena wako wafanyakazi wa mazingira wanaotukumbusha, na wana haki kabisa, kwamba miti inayozunguka kambi siyo ya kukatwa ovyo kwa ajili ya mapambo. Majibu ya mengi kati ya hayo yamo katika historia.

Tuanze na tarehe. Injili ya Mathayo na ya Luka zinasimulia kuzaliwa kwa Yesu, lakini hazitaji siku wala mwezi. Wakristo wa karne za kwanza walishika zaidi Pasaka. Ushahidi wa wazi wa tarehe 25 Desemba tunaupata katika kalenda ya Roma iliyokusanywa mwaka 354, ambayo sehemu yake hiyo inatokana na orodha ya mwaka 336. Kwa upande wa Mashariki, Wakristo wengi walisherehekea tarehe 6 Januari. Kwa nini Desemba 25? Wataalamu wanabishana. Wengine wanasema Kanisa liliiweka mahali pa sikukuu ya Jua, ambayo Kaisari Aureliano aliitukuza kwa hekalu mwaka 274. Wengine wanasema ilihesabiwa tu miezi tisa tangu 25 Machi, siku iliyodhaniwa kuwa ya kutungwa mimba. Jambo hilo lisitugombanishe. Waliochagua tarehe hiyo hawakudai kuwa walikuwa na cheti cha kuzaliwa, nasi tunajua hapa kambini jinsi cheti hicho kilivyo kigumu kupatikana.

Swali la saa ya Misa linatuchoma zaidi. Wengi tumekua tukiamini kwamba Misa ya Noeli ni saa 6 ya usiku na si vinginevyo. Desturi hiyo ina asili yake Roma. Baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431, Papa Sisto wa Tatu alijenga kanisa kubwa la Bikira Maria juu ya kilima cha Eskwilino, na humo pakawa na sehemu iliyoitwa ya Hori, kwa kukumbuka Betlehemu. Papa alisali huko Misa ya usiku. Baadaye zikawa tatu: ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa tangu 590 hadi 604, anataja katika mahubiri yake kwamba siku hiyo angeadhimisha Misa mara tatu, kwa hiyo hawezi kuhubiri kirefu. (Wahubiri wetu wangemwiga hapo.)

Misale tunayotumia sasa ina Misa nne za Noeli, maana imeongezwa ile ya mkesha, ya jioni ya tarehe 24. Kila moja ina Injili yake. Ya usiku ina habari ya wachungaji na malaika. Ya alfajiri ina wachungaji wakienda Betlehemu. Ya mchana ina mwanzo wa Injili ya Yohane. Ile ya mkesha ina orodha ndefu ya ukoo wa Yesu kutoka Mathayo, ambayo wasomaji wengi huiogopa kwa majina yake magumu. Lakini tuisikilize vizuri. Katika orodha hiyo yumo Ruthu, mwanamke Mmoabu, mgeni katika nchi ya Israeli, aliyeolewa katika familia iliyokuwa imekimbilia Moabu kwa sababu ya njaa. Basi anayesali Misa ya mkesha saa 10 za jioni chini ya turubai hajapata Noeli nusu. Amepata Misa yenye jina lake, yenye sala zake na yenye Injili inayomhusu kuliko anavyofikiri.

Hata hiyo Misa ya usiku haikuandikiwa saa 6 kamili. Kitabu kinasema ya usiku tu. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliianza saa 4 za usiku. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali ya Italia ilipokataza watu kutembea baada ya saa 4 za usiku, Papa Fransisko aliianza saa 1 na nusu. Papa mwenyewe alisogeza saa kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Mkuu wa kambi anapotuambia tumalize mapema, asionekane adui wa dini.

Sasa tuje kwenye pango, ambalo ndilo pambo linalopendwa kuliko yote. Mwaka 1223, siku chache kabla ya Noeli, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alimwita rafiki yake mmoja aitwaye Yohane, mwenyeji wa kijiji cha Greccio huko Italia, akamwomba atayarishe mambo machache: hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi Mtoto alivyokosa mahitaji ya mtoto mchanga. Alikuwa amerudi kutoka safari ya Misri miaka michache kabla yake. Usiku wa Noeli watu wa vijiji vya jirani walikuja na mienge na mishumaa. Padri alisali Misa juu ya hori lile. Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili akahubiri. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache baadaye, anasema majani yale yalihifadhiwa, na watu waliwalisha wanyama wao waliougua.

Angalieni jambo moja. Katika masimulizi hayo hatusikii habari ya sanamu hata moja. Palikuwa na hori, majani, wanyama wawili, altare na watu maskini wa mlimani. Tena ng'ombe na punda hawamo katika Injili. Walitoka katika nabii Isaya, sura ya kwanza, anaposema kwamba wanyama hao wanamjua bwana wao. Luka anataja hori tu. Habari ya kwamba palikuwa pango ni mapokeo ya zamani yaliyoandikwa tangu karne ya pili, na kanisa la Betlehemu lilijengwa juu ya pango hilo katika karne ya nne.

Sanamu zilikuja kushamiri baadaye, na mafundi wa Napoli walizidi wote. Katika karne ya 18 walikuwa wakipanga kando ya Familia Takatifu watu wa soko lao: muuza samaki, muuza matunda, mwoka mikate. Hakuna aliyewaambia kwamba wamechafua pango. Kwa hiyo vijana wetu wanapofinyanga kwa udongo wa kambi mama mwenye dumu la maji kichwani, au mzee mwenye kadi ya mgao mkononi, au kulijenga pango kwa umbo la hema, wanafuata njia ya wale wa Napoli. Sisi tunaona sanamu hizo za udongo ni bora kuliko zile za plasta zenye nywele za dhahabu, ambazo pua zake humeguka zikisafirishwa. Wengine hawatakubaliana nasi. Ni haki yao.

Juu ya mti wa Noeli tuseme kwa ufupi. Ni desturi ya Kijerumani. Maandishi ya mwaka 1605 yanaeleza jinsi watu wa mji wa Strasbourg walivyosimamisha miti ya msonobari ndani ya vyumba na kuipamba kwa karatasi za rangi, matofaa na peremende. Kwa muda mrefu ulikuwa zaidi wa nyumba za Waprotestanti, na Wakatoliki waliutazama kwa mashaka. Katika uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatikano, mti wa kwanza ulisimamishwa mwaka 1982 tu, wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili. Basi parokia iliyoadhimisha Noeli bila mti haijapungukiwa kitu cha imani, kwa maana mapapa wenyewe walikaa karne nyingi bila mti huo. Shada la Majilio lenye mishumaa minne nalo lilianza kwa mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839 mjini Hamburg. Alikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini, nao walimchosha kwa kuuliza kila siku Noeli itafika lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake, midogo ya siku za kazi na mikubwa ya Dominika. Ndugu zetu Waprotestanti wa kambi hii wakilidai shada hilo, ni lao.

Pamba nyeupe inayotandazwa juu ya pango kuiga theluji tunaomba iachwe. Pamba ni ya zahanati.

Kwa upande wa maelekezo ya Kanisa yenyewe, mengi yanapendelea kiasi. Majilio ni wakati wa zambarau. Maua ya altare yawe machache ili furaha ya Noeli isitangulizwe. Na wimbo wa Utukufu unyamaze hadi usiku wa tarehe 24. Maua huwekwa kuzunguka altare kuliko juu yake. Rangi ya Noeli ni nyeupe. Kuna na jambo ambalo wengi husahau: siku ya Noeli, katika Nasadiki, pale panapotajwa kwamba Mwana alifanyika mtu, waamini wote hupiga magoti badala ya kuinama tu. Hilo ni pambo lisilohitaji mchango wa fedha, na katika kanisa la sakafu ya udongo linaonekana vizuri kuliko penginepo, kwa vile kila mtu hutoka na alama magotini.

Je, Noeli hii ilifikaje kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika? Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, mwaka 1868 huko Algeria. Msafara wao wa kwanza ulifika Ujiji Januari 1879. Mwaka huo huo walikwenda Rumonge, upande wa Burundi, na tarehe 4 Mei 1881 watatu wao waliuawa huko. Wenzao waliendelea upande wa Kongo. Mwaka 1885 walikabidhiwa vituo viwili vilivyokuwa vimejengwa na Wabelgiji: Karema, upande wa Tanzania wa leo, na Mpala, upande wa Kongo.

Ni nani waliokuwa Wakristo wa kwanza wa vituo hivyo? Wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani, waliotekwa mbali na makwao, wasiojua tena njia ya kurudi. Mmoja aliyejulikana sana ni Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi iitwayo sasa Mali, aliyetekwa akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa uganga kisiwani Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alihudumia wagonjwa na kufundisha dini hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Wazee wanaosema mkimbizi hana sikukuu waikumbuke Karema. Kanisa la ziwa letu lilianza na watu waliokula Noeli yao ugenini. Upande wa pili wa ziwa, huko Baudouinville, ambako sasa ni Moba, tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupata daraja hilo.

Misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini. Waamini waliitikia maneno ambayo wengi hawakuyaelewa, ingawa waliyajua kwa moyo, na wazee wachache bado wanaweza kuyaimba. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, pamoja na kwaya yake ya vijana, walitoa Missa Luba: maneno ya Kilatini, lakini nyimbo na ngoma za Kongo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia, na lugha zetu zikaruhusiwa altareni.

Halafu zikaja taabu za aina nyingine. Huko Zaire, mwaka 1972, Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na Kardinali Malula wa Kinshasa akalazimika kukaa Roma kwa muda. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Hayo yalitokea katika nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko nyingi za Afrika. Huko Burundi, wakati wa Rais Bagaza, Misa za siku za kazi ziliwekewa vizuizi na wamisionari wengi walifukuzwa, hadi serikali hiyo ilipopinduliwa Septemba 1987. Kwa hiyo vijana wanaodhani kwamba sisi wazee tulikuwa na Noeli za amani na pilau kila mwaka, wasidhani hivyo. Leo tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya taifa tena huko Kongo.

Katika miaka hiyo hiyo ya taabu maaskofu wa Zaire walikuwa wakitayarisha utaratibu wa Misa wa kwao, uliokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988. Humo mababu waadilifu wanaitwa pamoja na watakatifu mwanzoni mwa Misa; sala ya toba inakuja baada ya mahubiri, watu wakiwa wamekwisha kulisikia Neno; na Utukufu unachezwa kuzunguka altare. Aliyenyamaza majuma manne ya Majilio bila Utukufu, kisha akauona unarudi usiku wa Noeli kwa ngoma, vigelegele na mavazi meupe, ataelewa kwa nini Wakongo wanakataa kuufupisha. Wafanyakazi wa mashirika wanaotuuliza mbona Misa yetu inazidi saa mbili, jibu ni hilo.

Dominika ya tarehe 1 Desemba 2019, iliyokuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, pamoja na Wakongo wanaoishi Roma, waliokuwa wakitimiza miaka 25 ya jumuiya yao. Jioni ya siku ile ile akaenda Greccio, pahali pa pango la mwaka 1223, akatia sahihi barua juu ya maana ya pango la Noeli, akihimiza liwekwe majumbani, shuleni, hospitalini na magerezani. Asubuhi ngoma ya Kongo, jioni hori la Fransisko. Hatukusikia wengi wakiviunganisha vitu hivyo viwili, nasi tumependa vikae pamoja katika jarida hili.

Ndugu zetu wengi waliovuka ziwa walianza maisha ya kambi mwishoni mwa mwaka 1996. Mwaka huo Kanisa liliwapoteza maaskofu wakuu wawili waliouawa: Yoakim Ruhuna wa Gitega, tarehe 9 Septemba, na Kristofa Munzihirwa wa Bukavu, tarehe 29 Oktoba, mtu aliyewatetea wakimbizi waziwazi. Noeli ya 1996 kwa wengi ilikuwa ya kwanza bila kengele ya parokia yao, bila kujua nani wa ukoo yu hai. Ni kwa sababu hiyo swali la mapambo halikuwa dogo, na haliwezi kuwa dogo. Mtu aliyeacha kila kitu anapolipamba kanisa anasema kitu juu ya nafsi yake, naye akikosa cha kupambia huona haya. Haya hiyo ndiyo tunayotaka iondoke, na Greccio inatusaidia.

Kuhusu utekelezaji, mambo ni machache. Mishumaa na majani makavu chini ya turubai ni hatari, hilo halina ubishi. Mishumaa miwili ya altare inatosha, na pango limulikwe kwa taa ya sola. Badala ya kukata mti mchanga, yatumike majani ya mgomba na makuti ya michikichi, ambayo mkoa wa Kigoma unayo tele na ambayo hukatwa bila mti kufa. Jirani zetu Waislamu nao wanayo sababu ya kuyapenda makuti, kwa maana Kurani, katika Sura ya Maryam, inasimulia kwamba Isa alizaliwa chini ya shina la mtende. Mchango wa fedha kwa mapambo usilazimishwe kwa kaya yoyote. Mgao wa chakula si sadaka ya kupangiwa. Sanamu ya Mtoto iwekwe horini usiku wa Noeli na si kabla, na Mamajusi wasubiri mpaka Tokeo la Bwana.

Tena pango lisibomolewe tarehe 26, kama wanavyofanya wenye haraka, maana kipindi cha Noeli kinaendelea hadi Ubatizo wa Bwana. Kati yake iko tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, waliouawa na Herode wakati Yosefu alipomchukua Mtoto na mama yake usiku kukimbilia Misri. Mwaka 1952 Papa Pio wa Kumi na Mbili, katika hati yake juu ya wahamaji na wakimbizi, aliitaja Familia hiyo kuwa mfano wa kila familia ya wakimbizi. Siku hiyo padri huvaa nyekundu. Wazazi waliopoteza watoto njiani wanaombwa kupeleka majina kwa katekista wa kigango chao kabla ya tarehe 27, ili yasomwe yote kwenye Misa.